Feced na Fhefhaked: Asili ya Kitenzi cha Kutenda katika Kiitaliki Mame

Mwaka 1880 Heinrich Dressel, msomi wa Kijerumani, alikipata katika kilima cha Quirinal mjini Rome chombo cha udongo mweusi chenye vikopo vitatu vilivyoshikana, kimezungushiwa maandishi ya Kilatini cha kale sana. Miaka 7 baadaye mwenzake Wolfgang Helbig akatangaza habari za pini ya dhahabu ya kufungia vazi, iliyosemekana imetoka Praeneste, mji unaoitwa leo Palestrina, kilomita zipatazo 35 mashariki ya Rome. Vitu hivyo viwili vinajieleza kwa namna moja: kila kimoja kinamtaja mtu na kusema kwamba huyo "alinitengeneza". Chombo kinasema feced. Pini inasema fhefhaked. Kitenzi ni kilekile, nafsi ni ileile, wakati ni uleule na lugha ni ileile, lakini maumbo ni mawili.

Swali linalozuka hapo limewashughulisha wanaisimu kwa zaidi ya karne moja. Kama Kilatini na ndugu zake walizaliwa na lugha moja, mzazi huyo alisemaje "alifanya"? Wapo wanaochagua umbo moja na kuliita la asili, kisha la pili wakalieleza kuwa limezuka baadaye. Hoja yangu ni kwamba ushahidi wote ukipangwa mezani, mzazi huyo alikuwa na mashina mawili ya wakati uliopita kwa kitenzi hiki. Anayefuta moja ili mchoro upendeze anatupa sehemu ya thamani kuliko zote.

Lugha isiyoandikwa

Kiitaliki Mame ni jina la lugha inayodhaniwa kuzaa Kilatini, Kifaliski, Kioska na Kiumbria. Wengi huiweka katika milenia ya 2 KK, karne nyingi kabla watu wa Italia hawajajifunza kuandika. Hakuna jiwe wala bamba lililoandikwa kwa lugha hiyo. Maneno yake hutanguliwa na kinyota, alama inayomwambia msomaji kuwa neno limejengwa kwa hoja na halijasomwa popote.

Anayesoma isimu ya Kibantu amekwishakutana na kinyota hicho. Kiswahili kina ona, Kizulu bona, Kinyarwanda bona. Kutokana na hayo na mengine hujengwa *-bón- ya Bantu Mame. Carl Meinhof aliifanya kazi ya namna hiyo mwaka 1899, na Malcolm Guthrie akaipanua katika majuzuu aliyoyachapisha kati ya 1967 na 1971. Njia haibadiliki kwa kuwa lugha ni za Ulaya. Sauti hubadilika kwa utaratibu, na palipo na utaratibu mtu anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Ila kufanana peke yake hakutoshi. Majirani huazimana maneno, na sauti huweza kufanana kwa bahati. Ushahidi ulio mzito zaidi ni lugha mbili kushiriki jambo lisilo la kawaida, jambo ambalo hakuna mtu angelibuni mara mbili. Kitenzi hiki kina mambo ya aina hiyo kwa wingi, na ndiyo sababu kinastahili kuchunguzwa kwa makini.

Mashahidi

Kilatini kinatupa faciō "nafanya", fēcī "nilifanya" na factus "iliyofanywa". Kioska, lugha ya Wasamniti na majirani zao wa kusini, kinatupa fakiiad "afanye", umbo la hali ya matakwa katika wakati uliopo. Kwenye Bamba la Bantia, sheria ya mji mdogo wa Lucania iliyochongwa kwenye bronzi, mna fefacid na fefacust, yote mawili yakiwa na silabi ya kwanza iliyoradidiwa, pamoja na amri factud. Kiumbria kinajulikana hasa kwa mabamba 7 ya bronzi yaliyopatikana Gubbio mwaka 1444, yenye maelekezo ya ibada. Humo mna façia, amri feitu au fetu, na fakust "atakapokuwa amefanya", bila uradidi wowote.

Kaskazini-mashariki, katika eneo la Este, Waveneti waliandika vhagsto "alitengeneza". Bado kuna mabishano kama Kiveneti ni mmoja wa watoto wa Kiitaliki Mame au ni ndugu wa mzazi mwenyewe, lakini neno hilo linaonyesha kwamba shina la kutenda lilijulikana hadi huko. Namna linavyoandikwa nayo inafaa kuangaliwa. Alfabeti ilitoka kwa Waetruski, na sauti f ilipata shida ya herufi, kwa hiyo Waveneti waliiandika kwa vh, na mchongaji wa pini ya Praeneste akaiandika kwa fh.

Kutoka "weka" hadi f

Nyuma ya maneno hayo kuna mzizi wa Kihindi-Kiulaya Mame, *dʰeh₁-, wenye maana ya "weka". Kigiriki kinao katika títhēmi, Kisanskriti katika dadhāmi, na Kiingereza katika do. Konsonanti ya mwanzo, d yenye mpumuo, iligeuka f mwanzoni mwa neno katika lugha zote za Kiitaliki. Katikati ya neno njia ziliachana: Kioska na Kiumbria zilibaki na f, Kilatini kikarudi kwenye d mahali pengi. Neno la "katikati" lenyewe linaonyesha hivyo, Kilatini medius na Kioska mefiaí.

Kwa sababu ya kanuni hiyo, mzizi mmoja umeishi maisha mawili ndani ya Kilatini. Mwanzoni mwa neno ni fac-. Ndani ya maneno ambatani ni d: condō "naweka pamoja", abdō "naweka kando, naficha", na crēdō "naamini", ambalo mwenzake wa Kisanskriti ni śraddhā. Hata sacerdōs, kuhani, ni "mwenye kuweka yaliyo matakatifu", na d yake ni ileile. Mrumi wa kawaida hakuweza kujua kwamba facere na crēdere ni ndugu. Kanuni za sauti ndizo zinazotuonyesha.

Alama h₁ inawakilisha sauti ya koo iliyopotea. Mwaka 1879 Ferdinand de Saussure, akiwa bado kijana, alitoa hoja kwamba irabu ndefu nyingi za lugha hizi zilitokana na irabu fupi iliyofuatwa na sauti ambayo haikusalia popote. Wengi hawakushawishika. Bedřich Hrozný alipoonyesha mwaka 1915 kwamba Kihiti ni lugha ya ukoo huu, njia ilifunguka, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kuwa mojawapo ya sauti hizo imeandikwa waziwazi kwenye mabamba ya udongo ya Wahiti. Hoja iliyojengwa kwa mantiki tupu ilipata shahidi aliyeandika zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Sauti hiyo inaeleza mpishano wa irabu ambao bila yake ungebaki fumbo. Penye irabu kamili, *dʰeh₁-k- ilitoa *fēk-, irabu ikirefuka baada ya sauti ya koo kupotea. Pasipo irabu, *dʰh₁-k- ilitoa *fak-, sauti ya koo yenyewe ikigeuka a. Katika mazingira hayohayo Kigiriki kilitoa e, thetós "iliyowekwa", na Kisanskriti kikatoa i, hitá. Kwa hiyo tofauti ya faciō na fēcī haikubuniwa na Warumi. Ni alama ya mpangilio uliokuwapo kabla hata Kiitaliki hakijajitenga.

Konsonanti isiyo na mwenyewe

Kinachosumbua zaidi ni ile k. Mzizi wa "weka" hauna k. Kisanskriti hakina k hapo, Kiingereza hakina. Lakini Kigiriki kinayo mahali pamoja tu: éthēka "niliweka", katika wakati uliopita, tena hasa katika umoja. Katika wingi Kigiriki cha kale husema éthesan "waliweka", na k haipo. Kifrigia, lugha ya Anatolia, kina addaket katika maandishi ya laana dhidi ya wanaoharibu makaburi, ingawa mnara maarufu wa mwamba wenye jina la Midas una edaes "aliweka", bila k.

Mfano huo una pacha. Kigiriki hêka "nilirusha" huenda pamoja na Kilatini iēcī, ambalo wakati wake uliopo ni iaciō. Kwa hiyo éthēka inalingana na fēcī kama vile hêka inavyolingana na iēcī: mizizi miwili, kila mmoja ukiishia kwa h₁, kila mmoja ukipata k katika wakati uliopita, katika lugha mbili zilizo mbali. Mambo hayo hayatokei kwa bahati. Asili ya k yenyewe bado inabishaniwa. Wengine huiona kuwa kiambishi cha zamani, wengine huiona kuwa sauti ya koo iliyokazwa katika nafsi fulani. Kwa swali letu inatosha kwamba k ilianzia katika wakati uliopita.

Kigiriki kiliiacha k mahali pake pa asili. Kiitaliki kiliichukua na kuisambaza kitenzi kizima, hadi wakati uliopo na kivumishi factus. Hatua hiyo ni ubunifu wa pamoja. Kilatini, Kioska, Kiumbria na hata Kiveneti zina fak- au fag- pale ambapo Kigiriki na Kisanskriti zina mzizi mtupu. Hapa kitenzi chetu kinatoa ushahidi wake wa kwanza kwamba kulikuwa na mzazi mmoja.

Wakati uliopo

Kihindi-Kiulaya Mame kilikuwa na wakati uliopo wenye uradidi, unaoonekana katika Kigiriki títhēmi na Kisanskriti dadhāmi. Kiitaliki kililiacha umbo hilo kwa kitenzi kisicho na kiambishi, kikajenga jipya kwa kuongeza *-jō kwenye shina *fak-. Nafsi zake zinaweza kuandikwa hivi: *fakjō "nafanya", *fakis "wafanya", *fakit "afanya", *fakjomos "twafanya", *fakites "mwafanya", *fakjont "wafanya" kwa watu wengi. Kilatini faciō, facis, facit, facimus, facitis, faciunt kinafuata njia hiyo, na Kioska fakiiad kinathibitisha kuwa j haikuwa ya Kilatini peke yake.

Ubishi upo kwenye i fupi ya facis. Kundi moja linasema hapo palikuwa na *-je-, na kwamba baada ya silabi nyepesi kama fak- ilifupika kuwa i, ilhali baada ya silabi nzito ilirefuka kuwa ī, kama katika audīs "wasikia". Kundi la pili linasema i hiyo ni ya kale, na kwamba tangu mwanzo nafsi zilipishana kati ya *-jo- na *-i-. Kundi la kwanza lina kanuni nzuri, lakini venīs "waja" inaikaidi, kwa kuwa silabi yake ya kwanza ni nyepesi na bado i ni ndefu. Kwa faciō pande zote mbili hufika mahali pamoja, hivyo safu ya nafsi niliyoiandika inasimama hata kabla ya hukumu kutolewa.

Wakati uliopita wenye mashina mawili

Kihindi-Kiulaya Mame kilitofautisha aoristi, iliyotaja tendo lililotokea, na timilifu, iliyotaja hali iliyofikiwa. Kiitaliki kiliziunganisha. Muungano huo unaonekana ndani ya nafsi za kitenzi. Nafsi ya kwanza ya Kilatini fēcī inatoka kwa *fēkai, na kiishio *-ai, kinachoonekana bado katika Kifaliski peparai "nimezaa", ni cha timilifu. Nafsi ya tatu feced ina -d, kiishio cha aoristi. Katika wakati uliopo kiishio kilikuwa *-ti, kikawa -t. Katika uliopita kilikuwa *-t tupu, kikawa -d. Feced ya Rome, fhefhaked ya Praeneste na deded "alitoa" ya Kioska zinakubaliana juu ya -d hiyo, na ni baadaye tu Kilatini kilipoisambaza -t kila mahali na kuandika fecit.

Sasa turudi kwenye mashina. *Fēk- ni aoristi iliyorithiwa, kwa sababu inalingana na éthē-k- ya Kigiriki sauti kwa sauti. *Fefak- ina uradidi wa timilifu, lakini imejengwa juu ya fak- yenye k. Timilifu ya kale zaidi isiyo na k ipo pia: Kioska prúffed "aliweka, alisimamisha" hufafanuliwa kuwa *pro-fefed, sawa na Kilatini prōdidit. Basi mtiririko unaeleweka. Kwanza palikuwa na aoristi *fēk- na timilifu isiyo na k. Aoristi na timilifu zilipoungana, k ilikuwa imekwisha kuenea, na wasemaji wakajenga timilifu mpya *fefak-.

Je, hili la mwisho lilitokea kabla au baada ya lugha kutengana? Hapa pini ya Praeneste ina uzito mkubwa. Bila hiyo, uradidi wa kitenzi hiki ungekuwa wa Kioska tu, na ingekuwa rahisi kusema Kilatini kilikuwa na fēk- na Kioska fefak-. Mwaka 1980 Margherita Guarducci alidai kuwa pini ni ya kughushi. Dai lake halikuwa la kupuuzwa, maana mghushi msomi wa karne ya 19 angeweza kuiga fefacid ya Bamba la Bantia, lililokuwa likijulikana zamani. Mwaka 2011 Edilberto Formigli na Daniela Ferro walitoa matokeo ya uchunguzi wa dhahabu na uso wa pini, na matokeo hayo yaliunga mkono uhalisi wake. Kwa hiyo katika karne ya 7 KK, Kilatini cha Praeneste kilikuwa na uradidi huo.

Irabu za pini nazo zinalingana na umri huo. Baadaye Kilatini kilidhoofisha irabu za silabi za ndani, hivi kwamba con pamoja na faciō ikawa cōnficiō. Fhefhaked bado ina a kamili katika silabi ya pili, kama inavyotarajiwa kabla ya mabadiliko hayo.

Uradidi basi unashuhudiwa pande zote mbili za ukoo. Vipi kuhusu *fēk-? Kioska na Kiumbria hazina mfano wake kwa kitenzi hiki, na hapo ndipo wengi husita. Lakini Bamba la Bantia lina hipid na hipust, maumbo ya wakati uliopita ya kitenzi "kuwa na", ambacho Kilatini huita habeō. Irabu i hapo inatokana na ē ndefu. Yaani Kioska kilikuwa na utaratibu wa a katika uliopo na ē katika uliopita, hata kwa kitenzi ambacho Kilatini kilikipa habuī bila ē yoyote. Utaratibu huo ulihitaji kielelezo cha kufuata. Kielelezo cha kale tunachokijua ni *fak- na *fēk-, pamoja na jozi yake ya "rusha", ambako mpishano unatokana na sauti ya koo yenyewe. Naona ni vigumu kueleza hipid bila kukiri kwamba mababu wa Waoska waliwahi kusema *fēk-.

Kwa hoja hizo mbili, Kiitaliki Mame kilikuwa na *fēked na *fefaked pamoja. Watoto walirithi yote mawili na kila mmoja akachagua: Rome ilibaki na fēk-, Kioska kikabaki na fefak-, Kiumbria kikabaki na fak- iliyovuliwa uradidi, na Praeneste katika karne ya 7 KK ilikuwa bado haijafuata njia ya Rome.

Maumbo ya pembeni

Kilatini cha kale kina pia faxō "nitafanya" na faxit, lenye s iliyoambatishwa moja kwa moja kwenye shina fak-. Faxit imo katika Sheria za Mabamba 12, ambazo mapokeo huziweka mwaka 451 hadi 450 KK, na faxō husikika mara nyingi katika tamthilia za Plautus. Kiveneti vhagsto nayo ina s baada ya shina, ingawa kiishio chake -to ni cha aina nyingine. Amri ya *-tōd ni ya pamoja kabisa: Kilatini facitō, Kioska factud, Kiumbria feitu. Kauli ya kutendwa katika Kilatini iliazima kitenzi kingine kabisa, fīō "nafanywa, nakuwa", ambacho mzizi wake ni *bʰuH-, uleule wa fuī "nilikuwa". F ya faciō na f ya fīō zinafanana, asili zao ni mbali.

Kutenda mbele ya miungu

Maana ilisafiri kutoka "weka" hadi "fanya" katika lugha nyingi za ukoo huu. Ndani ya Italia ilikwenda hatua zaidi. Mabamba ya Gubbio yanaagiza ng'ombe watatu watolewe kwa Jupiter Grabovius mbele ya lango la mji, na kitenzi cha kutoa sadaka hiyo ni fetu peke yake. Katika Kilatini, facere pamoja na jina la mnyama kama chombo cha tendo humaanisha vivyo hivyo kuchinja kwa ibada, na Virgil aliitumia hivyo. Umbria na Rome hazikuhitaji kuongeza neno "sadaka". Matumizi haya ya ibada yanaongeza ushahidi wa aina nyingine kando ya sauti na viishio.

Hukumu

Giacomo Devoto, mwanaisimu wa Italia, alishikilia kwamba Kilatini na kundi la Kioska na Kiumbria viliingia Italia mbalimbali, na kwamba kufanana kwao ni matunda ya ujirani. Ujirani unaeleza mengi kweli, hata msamiati wa ibada. Hauelezi k iliyotoka kwenye aoristi ya kale na kuenea kitenzi kizima katika lugha zote hizi. Hauelezi fefak- ya Praeneste na ya Bantia, wala mpishano wa a na ē unaotawala fēcī na kujitokeza tena katika hipid. Watu huazima majina ya vyakula na ya miungu. Ni nadra sana kuazima kasoro za mnyambuliko wa kitenzi chao cha kila siku.

Kwa hiyo naamini mzazi alikuwapo, na hakuwa na sarufi iliyonyooka. Alikuwa lugha hai, yenye wasemaji waliokuwa katikati ya badiliko kubwa la nyakati zao, wakisema *fēked na *fefaked katika kizazi kimoja. Kila kamusi inayoorodhesha *fakjō ingefaa kuyaandika maumbo hayo mawili bega kwa bega, kwa sababu hivyo ndivyo ushahidi ulivyo.